Bibi, ukili na karatasi 114: jibu kuhusu majaribio ya kuchapa picha katika chumba cha giza

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa upigaji picha, Dar es Salaam. Kwa mradi wa muhula huu nimempiga picha bibi yangu huko Pemba, ambaye husuka ukili, yaani ukanda wa majani, na kuushona kuwa mikeka; nina mikanda miwili ya filamu nyeusi na nyeupe, kila mmoja picha 36. Tumepewa wiki nane kufanya majaribio ya kuchapa picha katika chumba cha giza, kisha tuwasilishe picha 12. Nilianza na ile mbinu ya kuwasha taa picha ikiwa bado imo kwenye dawa, nikaharibu karatasi 11. Zote zimetoka za kijivu kama tope. Nimebakiwa na karatasi 89 za inchi 5 kwa 7 na 25 za inchi 8 kwa 10. Je, nishike mbinu zipi na kwa utaratibu gani? Na hizi nilizoharibu, nizifiche au nizioneshe?

Jibu: Marahaba. Nimelisoma swali lako mara kadhaa, kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo hukulitaja kama shida, nami naliona ndilo shida yenyewe. Umeniambia karatasi zimetoka za kijivu, lakini hukuniambia uliwasha taa ya wati ngapi, kwa sekunde ngapi, ikiwa umbali gani kutoka kwenye trei, wala picha ilikuwa imekaa kwenye dawa kwa muda gani kabla ya kuiwasha. Nadhani hukuniambia kwa kuwa hukuandika. Jaribio ni tendo ambalo ukitakiwa kulirudia Jumatano ijayo utalirudia, na ukibadilisha kitu kimoja utajua kilichobadilika ni hicho. Kwa kipimo hicho, karatasi zako 11 zilikuwa bahati nasibu, na hapo ndipo nitakapoanzia.

Mbinu uliyoichagua kwanza ina historia inayofaa kukumbukwa. Armand Sabatier, daktari wa Ufaransa, aliieleza mwaka 1862, ndiyo maana hadi leo huitwa kwa jina lake. Iliyoipa umaarufu ni kazi ya wapiga picha Man Ray na Lee Miller mjini Paris, kuanzia mwaka 1929. Miller alisimulia baadaye kwamba alikuwa ndani ya chumba cha giza, kitu kikampita mguuni, akashtuka na kuwasha taa wakati negativu (filamu ambayo weusi na weupe wa picha vimegeuzwa) zilikuwa bado kwenye dawa. Watu hupenda kuishia hapo, kwenye panya na mshtuko, ilhali sehemu yenye mafunzo ni iliyofuata: wawili wale waliirudia ajali ile kwa makusudi, wakibadilisha muda na nuru, mpaka wakaweza kuiita wanapoitaka. Kazi yako ya wiki nane ni hiyo sehemu ya pili.

Sasa tuutafute ukijivu umetoka wapi. Unaweza kuwa na sababu tatu, na ni lazima uzitenganishe.

Ya kwanza ni taa yako nyekundu. Balbu ya kawaida iliyopakwa rangi nyekundu, au ile ya mapambo inayouzwa madukani, inaweza kuonekana nyekundu kabisa machoni petu na bado ikapitisha nuru ya buluu na kijani inayoiunguza karatasi polepole. Ipime hivi. Chukua kipande cha karatasi ya picha, kipe nuru kidogo sana chini ya mashine ya kukuzia picha, kiasi ambacho kingetoa kijivu hafifu tu. Kisha kiweke mahali unapofanyia kazi, weka sarafu ya shilingi mia juu yake, na ukiache chini ya taa nyekundu kwa dakika tano. Zima taa zote, kisafishe, yaani kitie kwenye dawa inayoitoa picha, kwenye giza totoro. Ukiona alama ya duara pale sarafu ilipokaa, taa yako si salama. Ile nuru ya awali usiiruke, kwa sababu karatasi ambayo haijaguswa na nuru yoyote huvumilia kidogo kabla ya kuanza kubadilika, hivyo ukiweka sarafu juu ya karatasi mbichi unaweza kudanganywa. Taa iwe walau mita 1.2 kutoka kwenye karatasi.

Ya pili ni joto. Vitabu vingi na maelekezo yanayokuja na dawa vimeandikwa kwa maji ya nyuzi 20, na maji ya bomba ya Dar es Salaam yanaweza kuzidi nyuzi 28 mchana bila mtu kuyapasha. Dawa ya kusafishia ikiwa na joto hilo hufanya kazi upesi mno: picha inajitokeza kwa sekunde chache, unaogopa kwamba inazidi kuwa nyeusi, unaitoa kabla haijakamilika, na weusi unabaki dhaifu. Ukiiacha ndani, ukungu wa kijivu unaingia hata kwenye sehemu zilizotakiwa kuwa nyeupe. Nakushauri usihangaike kushuka hadi nyuzi 20. Shika nyuzi 24 na uzishike bila kuyumba. Weka trei ya dawa ndani ya beseni kubwa lenye maji, na ndani ya beseni hilo weka chupa ya plastiki yenye barafu, iliyofungwa vizuri, ili barafu isiyeyukie kwenye dawa na kuizimua. Kwa karatasi ya plastiki (karatasi ya picha iliyopakwa plastiki), ambayo kwa nyuzi 20 kwa kawaida husafishwa kwa dakika moja, anza na sekunde 45 kwa nyuzi 24. Thibitisha kwa kipande kimoja kilichowekwa wazi chini ya taa ya kawaida: kitoke cheusi kabisa, mweusi wa mkaa. Kisipotoka hivyo, ongeza muda.

Ya tatu imo ndani ya mbinu yenyewe, nayo ndiyo watu wengi hawaielezi. Unapoipa nuru ya pili picha iliyo kwenye dawa, sehemu ambazo tayari ni nyeusi hazibadiliki sana, kwa kuwa fedha yake, yaani ile madini iliyo kwenye karatasi, imeshatumika. Sehemu nyeupe ndizo zenye fedha ambayo bado haijaguswa. Hizo ndizo hupokea nuru mpya na kuanza kuwa nyeusi. Maana yake ni kwamba, ukifanya juu ya karatasi, mbinu hii daima huifanya picha iwe nyeusi zaidi na huula weupe wote. Kinachosalia cheupe ni mstari mwembamba kwenye mpaka wa giza na nuru: pale weusi wa kwanza ulipotengenezwa, bromaidi, ambayo ni mabaki ya kazi ya dawa, ilitoka na kukaa jirani, ikaizuia dawa kufanya kazi katika ukingo ule. Mstari huo ndio uzuri wa mbinu. Ukiitikisa trei baada ya kuwasha taa, unaisambaza bromaidi na mstari unapotea. Ukiwasha taa kwa sekunde tatu au nne karibu na trei, sehemu nyeupe zinakuwa nyeusi kama zile nyingine na unapata tope.

Njia ya kuliepuka hilo nitaieleza baadaye kidogo, kwa sababu kabla ya kuirudia mbinu hii unapaswa kuwa na kitu ambacho sasa nahisi huna, nacho ni picha moja ya bibi iliyochapwa sawasawa, bila mbinu yoyote, ambayo unaweza kuilaza kando ya kila jaribio na kusema tofauti iko hapa.

Chagua negativu moja tu. Ningechukua ile ambayo mikono na uso wa bibi vyote vinaonekana, na ambayo mahali penye nuru kali bado panaonesha mistari ya ngozi. Iweke kwenye mashine, lenzi kwenye f/8 (ukubwa wa tundu la kupitisha nuru), kichujio cha kontrasti, yaani cha tofauti ya weusi na weupe, namba 2. Kata karatasi moja ya 5 kwa 7 vipande vinne vya urefu, kisha tengeneza ukanda wa majaribio. Wanafunzi wengi hupima sekunde 5, 10, 15, 20, na kipimo hicho kina kasoro: kutoka 5 hadi 10 umeongeza nuru maradufu, lakini kutoka 15 hadi 20 umeongeza theluthi moja tu, hivyo hatua hazilingani na jicho haliwezi kuzisoma. Tumia mwongezeko wa maradufu. Upe ukanda wote sekunde 4. Funika robo kwa kadibodi, ongeza 4. Funika robo nyingine, ongeza 8. Funika tena, ongeza 16. Umepata 4, 8, 16 na 32. Ukiona jibu liko kati ya 8 na 16, ukanda wa pili uwe wa 8, 9.5, 11, 13.5 na 16. Weka ukanda mahali penye uso, usiuweke ukutani, maana unachotafuta ni ngozi. Na usiuhukumu chini ya taa nyekundu. Kila kitu huonekana cheusi na chenye nguvu pale. Umalize kwenye fiksa, dawa inayoifanya picha isibadilike tena kwenye nuru, uutoe nje, uutazame kwenye nuru ya kawaida.

Muda wa nuru unauamua kwa kuangalia sehemu nyeupe, na kichujio unakiamua kwa kuangalia sehemu nyeusi. Karatasi yako, kama ni ile ya kontrasti inayobadilika, ina utando wenye sehemu zinazosikia nuru ya buluu na kijani kwa namna tofauti, na vichujio kuanzia 00 hadi 5 huchagua ni ipi isikie zaidi. Namba ndogo hutoa vijivu vingi laini. Namba 5 huacha weusi na weupe tu. Ukishapata muda ambao shavu la bibi lina rangi yake, tazama kitambaa chake kichwani na kivuli cha nyuma: kama hakuna mweusi wa kweli popote, panda kichujio nusu au daraja moja. Tumia hata karatasi 10 kwa kazi hii. Hutazijutia, kwa kuwa kila namba utakayoipata hapa (sekunde, f/8, kichujio, joto) ndiyo nanga ya majaribio yote yatakayofuata.

Turudi kwa Sabatier. Kata karatasi vipande vinne. Tumia kichujio namba 5, na uipe picha theluthi mbili ya muda wa nuru unaofaa kwa kichujio hicho, kwa sababu nuru ya pili itaongeza weusi. Isafishe kwa sekunde 20 kati ya zile 45, ukitikisa kama kawaida. Kisha acha trei itulie kabisa, maji yasicheze. Taa ya pili iwe balbu ndogo ya wati 15 iliyoning'inizwa mita 1.2 juu ya trei, na swichi yake iguswe na mwenzako aliye mbali na maji, mwenye mikono mikavu. Hili silitaji kama pambo, umeme na mikono yenye dawa vimewahi kuumiza watu. Kipande cha kwanza kipe nusu sekunde, cha pili sekunde moja, cha tatu mbili, cha nne nne. Baada ya nuru usitikise tena. Subiri muda wa dawa umalizike, kisha peleka kwenye maji ya siki, yanayoisimamisha dawa, na fiksa.

Hata ukifanya yote hayo, picha itatoka nzito, na ndivyo inavyotakiwa kuwa katika hatua hii. Ikaushe, halafu ifanye negativu: ilaze uso kwa uso juu ya karatasi mpya, gandamiza kwa kioo safi, na upitishe nuru kutoka juu, kichujio namba 5 kikiwa kwenye mashine. Nuru itapenya mgongo wa karatasi, hivyo muda utakuwa mrefu mara kadhaa kuliko kawaida, na karatasi ya kwanza isiwe na nembo ya kiwanda mgongoni, la sivyo maandishi yake yatajichapa juu ya bibi. Kijivu kizito kitageuka kuwa weupe hafifu, na ile mistari myeupe ya mipakani itageuka kuwa mistari myeusi, kama mtu aliyechora kwa kalamu ya risasi. Hapo utaelewa kwa nini mbinu hii inafaa mikono ya msusi kuliko sura yake: vidole, kucha, chane za ukindu (vipande vyembamba vya majani ya kusukia) zikipishana, vyote ni kingo tupu.

Sasa nifikie mbinu ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo moyo wa mradi wako, nayo haihitaji kamera. Ni kuchapa kivuli cha kitu kilicholazwa moja kwa moja juu ya karatasi. William Henry Fox Talbot alifanya hivyo kwa majani na lesi katika miaka ya 1830, na Anna Atkins mwaka 1843 alianza kuchapa mwani wa Uingereza kwa njia ya buluu ambayo John Herschel alikuwa ameigundua mwaka mmoja kabla. Wewe una bibi anayesuka ukili. Mwombe akupe ukili wa urefu wa mkono mmoja ambao hajaushonea mkeka, chane chache za ukindu ambazo hazijasukwa, na kama anazo, zilizotiwa rangi.

Laza ukili mkavu juu ya karatasi, washa mashine bila negativu, lenzi kwenye f/11, sekunde chache. Utaona kwamba ukili ambao mkononi unaonekana kitu kimoja kigumu una vitundu vidogo pale chane zinapopishana, na kila kitundu kimepitisha nuru na kuacha nukta nyeusi; nukta hizo zinafuatana kwa hesabu ya msusi, na pale bibi alipounga chane mpya utaona hesabu imeruka. Jicho halioni hilo kwa urahisi hata ukiushika ukili mbele ya dirisha. Baada ya hapo inua ukili sentimita moja kwa kuuweka juu ya kioo: kingo zitalainika. Uinue sentimita tano: utabaki moshi. Badilisha kitu hicho kimoja tu, kimo cha kioo, na uchape mfululizo wa picha nne. Tayari una jaribio ambalo mwalimu wako yeyote atalisoma bila kuelezwa.

Rangi nazo zitakushangaza. Karatasi hii haisikii nuru nyekundu, ndiyo maana tunafanya kazi chini ya taa nyekundu. Kwa hiyo chane nyembamba iliyotiwa nyekundu, ambayo machoni inapitisha nuru, kwenye karatasi itakuwa ukuta na itaacha alama nyeupe. Chane mbichi ya kijani au iliyotiwa manjano itapitisha sehemu ya nuru na kuacha kijivu. Mkeka wenye mapambo ya nyekundu na kijani utasomwa na karatasi kwa mpangilio tofauti kabisa na ule bibi aliouona alipousuka. Mimi ningeichapa tofauti hiyo na kuiweka kando ya picha ya kawaida ya mkeka huohuo.

Kisha unganisha vyote viwili. Tuseme picha yako ya kawaida ya bibi inahitaji sekunde 12. Weka karatasi, juu yake kioo safi, uipe sekunde 8 za negativu. Zima. Laza ukili juu ya kioo upande mmoja, kwenye nafasi uliyokwisha kuichora kwa penseli kwenye karatasi ya kawaida uliyoitumia kupangia, kisha uipe sekunde 6 zaidi za negativu ileile. Sehemu iliyofunikwa na ukili itabaki na nuru ya sekunde 8, sehemu iliyo wazi itakuwa na 14, na sura ya bibi itaonekana kupitia msuko, bila msuko kuifuta. Ukibadilisha uwiano uwe 4 na 10, ukili utatawala. Ukiwa 11 na 3, utaonekana kama kivuli kinachopita. Hapa usitumie karatasi za 8 kwa 10 mpaka umeshapata uwiano kwenye ndogo. Kuunganisha picha kuna mizizi katika pwani yetu: Omar Said Bakor wa Lamu alifahamika kwa picha za studio alizoziunganisha, sura ya mtu ikitokea ndani ya umbo la kitu kingine. Kule Marekani Jerry Uelsmann alitumia mashine kadhaa za kukuzia zilizopangwa safu, kila moja na negativu yake, akiihamisha karatasi kutoka moja hadi nyingine. Wewe una mashine moja, na kwa hiyo ramani yako ya penseli lazima iwe sahihi: chora mipaka ya karatasi, chora uso ulipo, chora ukili ulipo, na weka alama ya pembe ya juu kulia ili karatasi isigeuzwe gizani.

Kuhusu picha za buluu nitasema machache, kwa sababu si kazi ya chumba cha giza kikamilifu, ingawa kwenye jua letu hufanya kazi vizuri sana. Gramu 25 za sitreti ya chuma na amonia, ile ya kijani, kwa mililita 100 za maji. Gramu 10 za ferisianidi ya potasiamu kwa mililita 100 nyingine. Changanya kiasi sawa wakati wa kutumia tu, paka kwenye karatasi nzito au pamba, kausha gizani. Jua la saa sita mchana linaweza kumaliza kazi kwa dakika chache, kisha unaosha kwa maji mpaka umanjano uishe. Filamu yako ni ndogo mno kwa njia hii, kwa kuwa picha hutoka kwa ukubwa wa negativu yenyewe, kwa hiyo itumie kwa ukili na chane peke yake. Ferisianidi isikutane kamwe na asidi kali, kwani hutoa gesi ya sumu.

Kubadilisha rangi ya picha kwa chai au dawa za kahawia ningekushauri ukuache kabisa katika mradi huu. Si mbinu mbaya. Tatizo ni kwamba picha ya bibi mwenye kanga ikitiwa rangi ya kahawia mara moja huonekana kama ya zamani, na bibi yako yuko hai, anasuka leo.

Kila karatasi, kabla haijaguswa na nuru, iandikwe mgongoni, pembezoni kabisa, kwa penseli laini: namba ya jaribio, negativu, f, sekunde, kichujio. Joto na umri wa dawa viingie kwenye daftari. Nilipokuwa naanza, katika chumba cha giza cha shule moja, nilichapa picha ya mvuvi akitengeneza wavu ambayo mpaka leo sijapata nyingine ya kuilinganisha nayo. Anga lake lilikuwa na kijivu kama cha lulu. Mwenye kuitaka nakala ya pili alikuja wiki iliyofuata, nami nikatumia siku mbili na karatasi zaidi ya 20 bila kulipata lile anga, kwa sababu nilikuwa nimeandika "vizuri sana" na tarehe, basi. Bado naumia nikikumbuka.

Usitie mikono kwenye dawa ya kusafishia. Tumia koleo, moja kwa kila trei, maana dawa hiyo huwasha ngozi ya baadhi ya watu na wakishaanza kuwashwa hawaponi kirahisi. Fungua njia ya hewa, hasa upande wa fiksa. Fiksa iliyotumika ina fedha ndani yake na haifai kumwagwa kwenye shimo wala mtaro. Iweke kwenye dumu lenye maandishi na uikabidhi kwa fundi wa maabara ya chuo. Na picha utakazowasilisha zifiksiwe kwa fiksa mpya na kuoshwa sawasawa: dakika mbili za maji yanayotembea zinatosha kwa karatasi ya plastiki, lakini karatasi ya nyuzi, isiyopakwa plastiki, huhitaji karibu saa nzima.

Kwa hesabu ya karatasi zako, wiki mbili za kwanza zitumie kwenye kupima taa, joto na picha ya kawaida, usizidishe karatasi ndogo 15. Wiki tatu zinazofuata mpe ukili na michanganyiko yake, karatasi ndogo 40, kwa kuwa hapo ndipo penye kitu ambacho ni chako. Sabatier ipewe wiki moja na karatasi 20 zilizokatwa vipande. Zilizobaki ni akiba, na wiki mbili za mwisho ni za kuchapa kwa ukubwa wa 8 kwa 10, karatasi mbili kwa kila picha ya mwisho, na moja ya ziada.

Zile 11 usizifiche, lakini usizitundike pamoja na zile 12 pia. Zirudishe kwenye fiksa mpya na kuziosha, kwani nina wasiwasi zilitolewa haraka, kisha chagua moja, ile yenye mstari mweupe hata kidogo kwenye ukingo wa kidole, na uichapishe uso kwa uso juu ya karatasi mpya kama nilivyoeleza. Ikitoka, itakuwa jaribio namba moja katika daftari lako, na utaandika mgongoni kwa penseli kwamba muda wa nuru ya pili haujulikani. Utakapokwenda Pemba kumrudishia ukili wake, mchukulie na picha ya zile nukta nyeusi. Muulize ni wapi aliunga chane. Ninavyoamini atakuonesha kwa kidole bila kusita, na jibu lake liandike chini ya picha hiyo.